“Kind” ya wema na “kind” ya aina: jibu kwa karani wa mradi

SWALI: Mimi ni karani wa mradi wa maji wa kijiji, na hutakiwa mara kwa mara kutafsiri nyaraka za mfadhili kutoka Kiingereza. Fomu ya bajeti ilikuwa na safu mbili za michango ya wananchi, “in cash” na “in kind”. Kwa kuwa nilijua “kind” ni mwema, niliandika “michango ya fedha” na “michango ya hisani”, na mhasibu akairudisha fomu. Je, hili ni neno moja lenye maana mbili, au ni maneno mawili yaliyofanana kwa bahati? Nitatambuaje maana iliyokusudiwa? Naomba pia kujua iwapo inafaa kuandika “kindly” katika barua, kwani mshirika wetu wa Uingereza alisema kwamba inasikika kama amri.

JIBU: Ndugu karani, mhasibu wako yuko sahihi. Katika fomu hiyo “in kind” ni mchango wowote usiotolewa kwa fedha: mchanga, mawe, kokoto, eneo la kujengea tangi, na siku ambazo watu wamechimba mtaro wa bomba. Mimi ningeandika “michango isiyo ya fedha”. Wafasiri wengi hupendelea “michango ya vitu”, ambayo siiungi mkono, kwa sababu kazi ya mikono si kitu, na kwa tafsiri hiyo mwananchi aliyeshika sururu wiki nzima ataonekana hakuchangia. Istilahi tuliyoizoea vijijini, “nguvu za wananchi”, nayo ina kasoro yake hapa, kwa kuwa watu huitumia hata kwa fedha walizochangishana, na hivyo haitenganishi safu mbili ambazo mfadhili anataka zitenganishwe. Anataka zitenganishwe kwa sababu mchango usio wa fedha lazima ukadiriwe thamani, lori la mchanga kwa bei ya pale pale na siku ya kazi kwa ujira wa kibarua wa eneo hilo, kabla haujaingizwa katika hesabu. Ukiuita hisani, umeuondoa kwenye mizani. Maana hiyo hiyo utaikuta katika masuala ya kodi, ambako nyumba au gari ambalo mwajiri humpa mfanyakazi huhesabiwa kuwa sehemu ya mapato yake ya ajira ingawa hakushika fedha mkononi.

Jihadhari, hata hivyo, na “respond in kind”. Ukisoma kwamba upande mmoja ulitoa matusi na wa pili “responded in kind”, hakuna mchanga wala kokoto hapo. Maana yake ni kwamba wa pili alijibu vivyo hivyo, matusi kwa matusi. Kitenzi ndicho kinachoamua: kulipa na kuchangia huelekea kwenye mali na kazi, kujibu na kulipiza huelekea kwenye kurudisha mfano wa kile ulichotendewa.

Kuhusu asili, maana hizi mbili zina chimbuko moja. Katika Kiingereza cha kale palikuwa na nomino “gecynd”, iliyohusu maumbile, uzao na ukoo, na kivumishi chake “gecynde”, yaani cha asili, cha kuzaliwa nacho. Nomino ikaendelea kuwa “kind” ya aina, kwa kuwa vitu vya uzao mmoja ni vya aina moja. Kivumishi kilizunguka zaidi: kutoka mtu wa asili fulani, kikaja kumtaja mtu mwenye hisia zinazomstahili ndugu kwa ndugu, na mnamo miaka ya 1300 kilikuwa tayari kikitumika kwa mtu anayewatendea wengine mema. Mzungumzaji wa Kiswahili hana sababu ya kuushangaa mwendo huo, kwani “muungwana” wetu alianza kuwa mtu huru kwa kuzaliwa, asiye mtumwa, na leo tunamwita hivyo mtu mwenye adabu bila kuuliza habari za nasaba yake. Mzizi huo wa kale unaohusu kuzaa ndio uliozaa pia neno la Kijerumani “Kind”, mtoto, ambalo Waingereza wamelichukua ndani ya jina la shule ya chekechea, “kindergarten”, pamoja na “genos” la Kigiriki, ambalo wanaisimu wengi huliona kuwa chanzo cha “jins” la Kiarabu, lililotupa “jinsi” yetu. Kwa hiyo wafasiri wa Biblia walipoandika kwamba mti uzae matunda “kwa jinsi yake”, mahali ambapo Kiingereza cha mwaka 1611 kina “after his kind”, waliweka neno ambalo, kwa njia ndefu sana, ni jamaa yake.

Katika kazi ya kila siku, lakini, asili haitakusaidia kama majirani wa neno. “A kind man” ni mtu mwema. “A kind of man” ni mtu wa namna fulani, na huenda asiwe mwema hata kidogo. Likiondoka “a” na kufuatwa na kivumishi, kama katika “I am kind of tired”, neno halitaji aina wala wema, bali linapunguza ukali wa kauli: nimechoka kidogo. “Two of a kind” ni wawili wanaofanana, ilhali “coffee of a kind” ni dharau, yaani kahawa kwa jina tu. Sabuni iliyoandikwa kuwa ni “kind to your skin” haina huruma yoyote. Haidhuru ngozi, basi.

Hata pale penye wema wa kweli, usikimbilie “mkarimu”, kosa ninalolikuta mno katika tafsiri ninazozihariri. Mkarimu ni mwenye kutoa na kukirimu wageni, mpole ni mwenye tabia ya utulivu, na mtu anaweza kuwa “kind” bila kuwa na chochote cha kutoa. “Mwema” hufaa mara nyingi. Anapozungumziwa muuguzi na mgonjwa wake, “mwenye huruma” hukaa vizuri zaidi.

Ama “kindly”, katika Kiingereza cha ofisi za Kenya na Tanzania ni “tafadhali” ya heshima, na mwenzako wa Nairobi hatakwazika. Uingereza wengi huisikia katika maonyo, kama vile mtu anapoambiwa aondoe gari lake mlangoni, na ndiyo maana mshirika wako aliguna. Kwake andika “please”, au uligeuze ombi kuwa swali kwa kuanza na “could you”. “Kind regards” mwishoni mwa barua haina tatizo kwa upande wowote.