Shangazi, nikisali usingizi ndio unakata kabisa

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 36, naishi Morogoro, ni karani wa fedha kwenye mradi wa shirika moja. Mkataba unaisha tarehe 31 Desemba na tumeshaambiwa mfadhili haendelei. Mume wangu yuko Kahama, hela yake ni ya kubahatisha. Watoto wawili, mmoja yuko shule ya kulipia, ada ya Januari ni 300,000. Tarehe 10 Januari mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita, 900,000. Benki nina 640,000. Nikijibana naweza kuweka 200,000 kila mwezi, Oktoba mpaka Desemba. VICOBA tunagawana Desemba, yangu haitapungua 350,000.*

*Wiki ya tatu sasa nashtuka saa tisa usiku, moyo unakwenda mbio, viganja vinaloa jasho. Nasali, lakini nikisali usingizi ndio unakata kabisa. Mtumishi mmoja ametuambia hofu ni dhambi, ni sawa na kumwambia Mungu hawezi, na kwamba nikipanda mbegu ya 200,000 kwenye mkesha wa Ijumaa mlango wa kazi utafunguka. Mume sijamwambia lolote kuhusu mkataba. Nakosea wapi? Ni mimi, Nisiyelala.*

Marahaba mwanangu.

Kwanza tukufutie kesi uliyobambikiwa. Hofu si dhambi. Usiku wa Gethsemane Bwana Yesu aliwaambia rafiki zake watatu, "Roho yangu ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, kaeni hapa, mkeshe pamoja nami." Hakuna anayethubutu kusema usiku ule imani yake ilipungua. Naye Daudi katika Zaburi ya 56 hasemi kwamba hofu haimjii. Anasema, "Siku ya hofu yangu nitakutumaini Wewe." Siku yenyewe anaiita ya hofu, na humo humo ndani yake anamtumaini Mungu.

Utaniuliza, mbona Paulo anaamuru "Msijisumbue kwa neno lolote"? Soma Wafilipi yote, usiishie sura ya nne. Sura ya pili mstari wa 20 anamsifu Timotheo kwamba hana mwingine "atakayeiangalia hali yenu kweli kweli". Kwa Kiyunani kitenzi ni kilekile: "kuiangalia hali" na "kujisumbua" vimetoka kwenye neno moja. Kumbe kuguswa na ada ya mwanao hakukatazwi. Kinachokatazwa ni kuguswa huko kuzunguka kichwani mwako usiku kucha kama feni bila kufikishwa kokote. Ndiyo maana sentensi inaendelea: "haja zenu na zijulikane na Mungu".

Na hapo ndipo unapokosea. Haja zako bado hata wewe huzijui. Umeniandikia namba zote, lakini sioni mahali ulipozijumlisha. Saa tisa usiku huogopi laki kadhaa, unaogopa kitu kisicho na ukubwa, na kitu kisicho na ukubwa hakiombeki. Unabaki kusema "Bwana nisaidie, Bwana nisaidie", na kila ukisema, picha ya mtoto kurudishwa nyumbani inakuja upya. Hayo tayari ni mazoezi ya kuogopa, yamevalishwa nguo za maombi, na ndiyo maana usingizi unakata.

Basi tujumlishe. Chukua daftari. Mwenye nyumba mfuate sasa hivi, usisubiri Januari, umwombe apokee miezi mitatu: 450,000. Wengi hukubali ukiwafuata mapema na ukiwa huna deni. Wanaokataa ni wale wanaofuatwa siku ya kodi yenyewe. Ada 300,000. Matumizi ya nyumbani bila nauli za kila siku za kazini, yaani chakula, LUKU, maji, vocha, dawa ndogo ndogo na nauli ya kupeleka maombi ya kazi, tuseme 330,000 kwa mwezi. Kwa miezi mitatu ni 990,000. Mpaka mwisho wa Machi unahitaji 1,740,000. Ulichonacho na kinachokuja: 640,000 na 600,000 na 350,000, jumla 1,590,000.

Pengo ni 150,000. Soma tena, kwa sauti. Jitu linalokukaba kila usiku, mpaka Machi, lina urefu wa laki moja na nusu, na hapo hatujaigusa hata shilingi ya mumeo. Ukitoa ile mbegu ya 200,000, pengo linakuwa 350,000.

Sasa una haja inayoweza kujulikana. Iandike kama unavyoandika ombi ofisini, na kiasi na tarehe: "Bwana, naomba 150,000 kabla ya mwisho wa Machi, naomba mwenye nyumba akubali miezi mitatu, naomba kazi." Chini yake andika maneno ya wale vijana watatu mbele ya tanuru, Danieli 3:18: "Bali kama si hivyo." Maombi mengi ya siku hizi yamekatwa mkia huo. Mungu hakuahidi popote kwamba mradi wenu utapata mfadhili mwingine, na anayekuahidi hilo kwa niaba yake anajitwika deni asiloweza kulipa. Alichoahidi ni kwamba hutakuwa peke yako mlango ukifunguka, wala usipofunguka. Ombi lisilo na mkia huo, likikosa jibu ulilotaka, huondoka na imani yako yote.

Usisahau "pamoja na kushukuru" iliyo kwenye mstari huohuo. Shukrani nayo iwe na jina. "Asante kwa pumzi" ni nzuri, lakini mtu huisema hata akiwa amelala nusu. Andika matatu ya leo: mtoto amekula akamaliza sahani, bosi amekubali kukuandikia barua ya utambulisho, mvua imenyesha ukiwa umeshafika nyumbani.

Kazi hii ifanyike saa kumi na moja jioni, mezani, kwa dakika ishirini. Isifanyike kitandani. Wasiwasi ukija saa nne asubuhi, andika neno moja pembeni ya daftari, uuambie saa yako ni jioni. Siku za kwanza wasiwasi huo utabisha hodi kila robo saa, na wengi hukata tamaa hapo wakidhani njia imeshindwa. Endelea wiki mbili. Ikifika jioni utakuta nusu ya yale uliyoyaandika hayana uzito tena, na yaliyobaki yagawe: yapi ni ya mikono yako kesho, yapi si yako kabisa. Ya kwanza yapangie saa. Ya pili mtwike Mungu, kwa maneno ya 1 Petro 5:7, "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote". Mzigo uliomtwika mtu haubaki kichwani mwako. Ukijikuta umeurudisha, mtwike tena bila kujilaumu.

Usiku nao una utaratibu wake. Chai ya rangi na kahawa mwisho saa tisa alasiri. Simu ilale sebuleni. Ukishtuka na usingizi ukagoma kwa kama dakika ishirini, usigaragare. Keti kwenye kiti, mwanga uwe hafifu. Vuta pumzi ukihesabu nne, itoe ukihesabu sita, mara kumi. Ukivuta, sema moyoni "Siku ya hofu yangu". Ukitoa, "nitakutumaini Wewe". Kutoa pumzi taratibu kuliko ulivyoivuta hupunguza mwendo wa moyo, ndivyo Mungu alivyoumba mwili. Kisha soma Zaburi ya 13, ina mistari sita tu. Inaanza na "hata lini", tena mara nne, ndipo inafika kwenye "Nami nimezitumainia fadhili zako". Usiruke zile "hata lini" kukimbilia mwisho. Usifungue daftari saa hiyo, usifungue Biblia popote kidole kitakapoangukia ukitafuta ishara, na usianze mfungo mpya ukiwa umechoka hivyo. Eliya alipojilaza chini ya mretemu akitamani kufa, malaika hakumhubiria. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena.

Kwa sababu ni wiki tatu na moyo unakwenda mbio, nenda kituo cha afya wiki hii. Wapime presha, wingi wa damu, na waeleze kuhusu usingizi. Upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingoni huleta dalili hizohizo, na maombi ya kukemea hayaongezi damu. Wakiona ni wasiwasi uliopitiliza, upo ushauri nasaha na zipo dawa, na kuzitumia si kumkana Kristo. Ikija siku ukawaza kwamba afadhali usiwepo, usiikeshee peke yako. Mwambie mtu siku hiyohiyo, aende nawe hospitali.

Sasa ya mikono yako. Watu watakuambia kujiwekea akiba ni kukosa imani, wakitaja mana jangwani iliyoingia mabuu ilipolazwa. Ni kweli iliingia mabuu. Lakini sura hiyohiyo, Kutoka 16, siku ya sita waliokota pishi mbili kwa kila mtu, wakailaza kwa amri ya Mungu mwenyewe, isioze. Na Yusufu aliweka ghalani sehemu ya tano ya mavuno ya Misri kwa miaka saba. Kuna kulimbikiza kwa hofu na kuna kuweka kwa utii. Kwako wewe, Oktoba hadi Desemba ndiyo siku ya sita.

Nenda NSSF kabla mkataba haujaisha, uombe taarifa ya michango uone kama mwajiri amepeleka kila mwezi. Ukikuta pengo, ni rahisi kumdai ungali ofisini kuliko Machi utakapokuwa mgeni getini. Lipo fao la kukosa ajira kwa mwanachama aliyechangia angalau miezi 18 na hakuacha kazi mwenyewe: theluthi ya mshahara, kwa miezi isiyozidi sita. Uliza hapohapo kama kuisha kwa mkataba wako kunahesabika na nyaraka gani wanataka. Usiliweke kwenye hesabu ya Januari, malipo huchukua muda. Mwajiri pia anatakiwa, kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kukupa cheti cha utumishi na kukulipa likizo ambayo hukuichukua. Omba kwa maandishi. Na mikopo ya kausha damu usiiguse hata kwa wiki moja. Hiyo 150,000 ingekuwa mara mbili kabla hujageuka.

Sadaka endelea kutoa kwa kadiri ya unachopata, kanisani kwako, kama siku zote. Lakini Mungu hauzi kazi kwa 200,000, na pesa ya chakula cha watoto haigeuki kuwa mbegu kwa kuitiwa jina hilo.

Nimeliacha la mumeo mpaka hapa kwa sababu ndilo zito. Umemfichia ili asihangaike, lakini matokeo yake unakesha peke yako usiku ambao hata Bwana Yesu aliomba wenzake wakeshe naye. Mpigie Jumamosi jioni, akiwa ametulia, si usiku wa manane ukilia. Anza na hesabu: "Baba nanihii, mkataba unaisha Desemba. Nimepiga hesabu mpaka Machi, tunapungukiwa 150,000. Nilichelewa kukuambia, nisamehe." Ukianza na machozi atasikia janga, ukianza na namba atasikia kazi ya watu wawili. Anaweza kukasirika kwamba umemficha. Mwache akasirike, ana haki. Halafu ombeni pamoja hapohapo kwenye simu, hata dakika mbili. Baada yake mwambie mzee wa jumuiya yenu, au mama mmoja wa VICOBA unayemwamini. Nafasi nyingi za kazi hupatikana kwa mtu kumwambia mtu, na hakuna atakayekutajia nafasi kama hajui unaitafuta.

Ya baada ya Machi siyajui, wala wewe, na kwenye daftari usiyaandikie ukurasa bado. "Yatosha kwa siku maovu yake," ndivyo Mathayo 6 inavyofunga.

Kuhusu mkesha wa Ijumaa: ukitaka kusali na wenzako, nenda. Pochi iache nyumbani, beba nauli ya kwenda na kurudi.