Sanduku la Mwalimu: Je, ni dhambi kutumia akili unaposoma Biblia?

Barua tatu za mwezi huu zinagusa jambo moja, nikaona nizijibu pamoja. Ya tatu imeninyima usingizi. Nimeiweka mwisho ili nipate nafasi ya kuijibu inavyostahili.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mkulima wa tumbaku. Mathayo 13:32 inasema punje ya haradali ni ndogo kuliko mbegu zote. Mbegu ya tumbaku ukiishika kiganjani ni kama vumbi. Kijiko kimoja cha chai kinatoa miche ya ekari nzima na nyingine inabaki. Shemeji yangu ananiuliza, kama Yesu alikosea habari za mbegu, tutamwamini vipi habari za mbinguni? Nimekosa jibu. — Mkulima, Urambo

JIBU: Ndugu yangu, kuhusu mbegu uko sahihi kabisa. Gramu moja ya mbegu za tumbaku ina mbegu zaidi ya 10,000, ndiyo maana mnazichanganya na maji kwenye keni mnapomwagilia kitalu. Lakini tumbaku ni mmea wa Amerika. Haikuvuka bahari kuja upande wetu wa dunia mpaka baada ya 1492. Mkulima wa Galilaya hakuwahi kuishika.

Sasa rudi mstari mmoja nyuma, ule wa 31. Yesu anasema ni punje “aliyoitwaa mtu akaipanda katika shamba lake”. Anaongea na wakulima kuhusu mbegu wanazopanda wao, na katika hizo haradali ilikuwa mfano wa udogo uliozoeleka, hata yeye mwenyewe akautumia tena alipotaja imani ndogo kiasi hicho (Mathayo 17:20). Rafiki yako akikuambia kituoni, “Nimekungoja mwaka mzima,” humwiti mwongo, kwa sababu unajua ni usemi wa namna gani. Shemeji yako hakukosea kuuliza. Mpe sentensi nzima, kuanzia mwanzo wake, kisha mzungumze tena.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mithali 26:4 inasema usimjibu mpumbavu sawasawa na upumbavu wake. Mstari wa 5 unasema mjibu. Nifuate upi? — Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Same

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Nyumbani kwenu bila shaka umeshasikia “Haraka haraka haina baraka”, na umeshasikia pia “Ngoja ngoja huumiza matumbo”. Bibi yako anazisema zote mbili, wala hajichanganyi. Anajua siku ya kila moja. Aliyepanga Mithali aliiweka mistari hiyo miwili bega kwa bega kwa makusudi, upime mwenyewe ni mpumbavu gani aliye mbele yako, na ukimjibu nini kitatokea. Soma pia sababu iliyoambatanishwa na kila mmoja: wa kwanza unakulinda wewe usifanane naye, wa pili unamzuia yeye asijione ana hekima.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi ujenzi, nina miaka 27. Mwaka jana nilijiunga na kikundi cha maombi. Mama yangu yuko kijijini, ni mjane, ana presha. Nilikuwa namtumia shilingi 40,000 kila mwisho wa mwezi. Kiongozi wetu alinifundisha kwamba mama hajaokoka, na kwamba Luka 14:26 inasema asiyemchukia baba yake na mama yake hawezi kuwa mwanafunzi wa Yesu, kwa hiyo fedha ile niitoe kwenye kikundi. Ni miezi minne sasa sijamtumia. Nilipouliza, niliambiwa nina roho ya ubishi, na akili ni adui wa imani, nikasomewa Mithali 3:5. Sina amani. Je, kuuliza kwangu ni dhambi? — Fundi, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hapana, si dhambi.

Nilipokuwa darasa la sita nilimuuliza katekista wetu, “Kaini alimwoa nani?” Nilichapwa fimbo mbili mbele ya wenzangu. Nilirudi nyumbani nimeapa moyoni kwamba sitauliza tena. Bibi yangu alikuwa akichambua mchele barazani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akaleta Biblia yake, ile ya Muungano ya mwaka 1952, jalada limeshonwa kwa uzi wa gunia. Akapitisha kidole polepole kwenye Mwanzo sura ya 5 mpaka mstari wa 4: Adamu “akazaa wana, waume na wake”. Akasema, “Kumbe walikuwapo na mabinti. Endelea kuuliza, lakini usiulize umesimama. Kaa, usome.” Nimefundisha hesabu miaka 31, na somo lile la barazani ndilo lililonifanya mwalimu.

Basi tukae, tusome. Fungua Luka 14. Kiongozi wako aliishia mstari wa 26. Ungeshuka mistari miwili tu, ungekuta maneno ambayo mtu wa kazi yako angeyatambua haraka kuliko mimi: “Maana ni nani katika ninyi, kama akitaka kujenga mnara, asiyeketi kwanza na kuhesabu gharama?” Yesu yule yule, katika hotuba ile ile, anawataka watu waketi na kupiga hesabu. Wewe ukipewa ramani huanzi kuchimba msingi kabla hujajua matofali mangapi, saruji mifuko mingapi, nondo za lenta ngapi. Ndivyo anavyotaka umfuate, ukiwa umepima. Anayekuambia uzime akili ili umfuate Yesu anakupa sharti ambalo Yesu hakulitoa.

Sasa neno lenyewe, “kuchukia”. Mathayo 10:37 ina fundisho hilo hilo, nalo limesemwa hivi: “Apendaye baba au mama kuliko mimi, hanistahili.” Umeona neno “kuliko”? Ni habari ya nani anatangulia. Waebrania walikuwa na desturi ya kusema “chukia” pale ambapo sisi tungesema “penda kwa kiasi kidogo zaidi”. Nenda Mwanzo 29. Mstari wa 30 unasema Yakobo alimpenda Raheli kuliko Lea. Mstari unaofuata, katika Kiebrania, unasema Lea alichukiwa. Waliotutafsiria Biblia ya Muungano waliliona hilo, wakaandika kwamba Lea “hakupendwa”. Kwenye Luka walibakiza neno lilivyo, na sisi tusiojua desturi ile tunalichukua mzima mzima.

Kisha lijaribu, kama unavyojaribu ukuta kwa timazi. Tuseme kiongozi wako yuko sahihi, na Yesu anataka umchukie mama kwa maana ile ya kawaida. Mstari huo huo unataja pia mke, watoto, na hata nafsi yako mwenyewe. Je, kikundini mnafundishwa kuwachukia watoto wenu? Na Mathayo 5:44 inasema, “Wapendeni adui zenu.” Basi hata kama mama yako angekuwa adui yako, ungeamriwa kumpenda. Tafsiri inayokutaka umpende adui na umchukie aliyekubeba mgongoni imepinda, na ukuta uliopinda unajua wewe unavyofanywa: unabomolewa kozi kwa kozi mpaka pale ulipoanzia kupinda.

Lakini kuna sehemu moja ambayo nataka uisome mwenyewe leo usiku, tena kwa sauti. Marko 7, mstari wa 9 mpaka 13. Zamani zile walikuwapo watu waliofundisha kwamba mtu akishasema mali yake ni Korbani, yaani wakfu, basi hana tena wajibu wa kumsaidia baba yake wala mama yake kwa mali hiyo. Yesu alikutana nao uso kwa uso. Aliwakumbusha amri ya kumheshimu baba na mama, akawaambia kwamba wanalitangua neno la Mungu kwa mapokeo yao. Mwanangu, hiyo ndiyo habari yako. Shilingi 40,000 za dawa za mjane ziligeuzwa Korbani. Nilipofika hapo kwenye barua yako nililazimika kuinuka na kutoka nje kidogo.

Nimekuja sasa kwenye Mithali 3:5, “Wala usizitegemee akili zako mwenyewe.” Ninaliamini neno hilo. Lakini kitabu hicho hicho, sura moja tu baadaye, kinasema, “kwa mapato yako yote jipatie ufahamu” (4:7). Na mstari wa 7 wa sura ile ya 3 unaeleza hatari yenyewe: “Usiwe mwenye hekima machoni pako.” Kinachokatazwa ni kiburi cha mtu asiyetaka kusahihishwa. Sasa jiulize, kati yenu wawili, nani aliyekataa kusahihishwa? Tena angalia jambo hili: kiongozi wako alitoa hoja. Alisema imeandikwa hivi, mama yako yuko hivi, kwa hiyo fedha iende kule. Hiyo “kwa hiyo” ni kazi ya akili. Alitumia za kwake, akakuzuia kutumia za kwako.

Hata Ibilisi alinukuu maandiko. Katika Mathayo 4:6 alimsomea Yesu Zaburi ya 91, akaruka maneno “katika njia zako zote”. Yesu hakukataa kwamba imeandikwa. Alijibu, “Tena imeandikwa,” akaweka andiko la pili kando ya lile la kwanza. Ukiniuliza ni silaha gani nikupe, nakupa maneno hayo mawili. Mtu akikushika na mstari mmoja, mwambie kwa heshima, “Tena imeandikwa nini?” Wale Waberoya, watu wa mji wa Beroya, wa Matendo 17:11 walimsikiliza Paulo mwenyewe, mtume, na bado waliyachunguza maandiko kila siku kuona kama ndivyo yalivyo. Luka, mwandishi wa kitabu hicho, hakuwaita wabishi. Aliwasifu.

Siamini kwamba akili inafikia kila kitu. Kaburi tupu sikulipata kwa hesabu, na nikiomba usiku sianzi kwa kanuni. Lakini aliyesema nimpende Bwana kwa moyo wote na roho yote alisema pia “kwa akili zako zote” (Mathayo 22:37), nami siwezi kumletea sehemu mbili nikaficha ya tatu.

Kikundini usiende na hasira. Mwombe kiongozi mkae naye wawili, mfungue Marko 7, yeye asome, wewe unyamaze. Akikubali kusoma, mna safari pamoja. Akikataa kusoma Biblia na wewe, utajua la kufanya kuhusu Jumapili ijayo.

Na mama, miezi minne kwa 40,000 ni 160,000. Najua kazi za ujenzi zinapanda na kushuka. Kama huna zote, anza na ya mwezi mmoja. Ila piga simu kwanza, kabla hujatuma. Asikie sauti yako ndipo aone ujumbe wa fedha. Muulize dawa za presha alizinunuaje miezi hii, na kwa nani alikopa, ili deni hilo nalo uliandike kwenye hesabu yako.