Mwanangu anakesha akijenga kijiji cha kompyuta, nimnyang'anye?

Mama wa Masasi, kwanza usimnyang'anye. Umeuliza anaona raha gani kwenye kijiji cha uongo. Kaa naye nusu saa utaiona.

Mimi niko Mtwara mjini, na Banished, mchezo huohuo wa kujenga kijiji uliotoka 2014, umeninyima usingizi mara nyingi tu. Hauna adui wala vita. Unapewa familia chache, zana na akiba kidogo ya chakula, halafu baridi inakuja. Kijiji changu cha kwanza kilikufa njaa huku mawe yamejaa uwanjani. Cha pili kilikufa kwa uzee: sikuongeza nyumba, na mle vijana wasipopata nyumba yao hawazai. Nilikuja kushtuka shambani wamebaki vikongwe watupu!

Utamu uko hapo, kosa la leo linakudai baada ya miaka. Wewe mwenye mikorosho unalijua hilo: hela ya mnada wa Oktoba ukiimaliza yote kwenye pikipiki, palizi ya mwakani utailipia na nini?

Ubaya wake ni kwamba hauna dakika tisini kama mpira. Ukimwambia "zima sasa hivi" mtagombana bure. Mwambie, "Vuna hayo mahindi, hifadhi, uzime." Hapo atakuelewa. Siku za shule kompyuta ikae sebuleni, usiku iwe chumbani kwako.

Na muulize kuni ameweka ngapi. Hapo ndipo nilipokuwa nachemka mimi.