Kigae kinavyotunza sumaku ya Dunia

SWALI: Nasikia vishikio vya mitungi ya Yuda ya kale vimetumika kupima nguvu ya sumaku ya Dunia karne ya 8 KK. Udongo unatunzaje kipimo hicho?

JIBU: Siri iko jokoni, mnamochomwa vyombo vya udongo. Udongo una chembe za oksidi za chuma, hasa magnetaiti. Zikipita takriban nyuzi 580 za Selsiasi hupoteza usumaku. Chombo kikipoa huupata upya, kwa kadiri ya uga wa Dunia (nguvu ya sumaku inayoizunguka) wa siku hiyo.

Maabara huchoma kipande kwa hatua: nyuzi 100, 200, 300 na kuendelea. Kila hatua ni mara mbili. Kwanza kinapozwa pasipo uga, kupima usumaku uliopotea. Kisha ndani ya uga unaojulikana, tuseme mikrotesla 50 (kipimo cha nguvu ya uga), kupima uliopatikana. Gawa uliopotea kwa uliopatikana, zidisha kwa 50: hiyo ndiyo nguvu ya kale.

Kasheshe ni moto wenyewe, kwani huweza kuzalisha magnetaiti mpya. Kwa hiyo hatua za chini hurudiwa katikati ya kazi. Majibu yakitofautiana, kipande hakifai. Tena kipande kidogo hupoa haraka kuliko mtungi mzima jokoni, nacho husoma nguvu isiyo sahihi mpaka kirekebishwe.

Vishikio hivyo, 67 katika utafiti uliochapishwa 2017, vina faida adimu: vimegongwa mihuri ya watawala, hivyo umri wake hujulikana vizuri. Mwelekeo wa uga usiutafute kwenye vishikio hivyo, kwani mtungi huhama. Huo utaupata kwenye joko ambalo halijasogezwa.