Simu za kampeni kwa mama yako: mna haki ya kuzikataa

Pole sana dada. Umesema mama, mwenye shinikizo la damu, anapigiwa usiku na watu wa wagombea wanaomtaja kwa jina lake kamili, na akizuia nambari moja inakuja nyingine. Hilo jina linanitia wasiwasi kuliko kelele zenyewe, kwa sababu lina maana kuna orodha iliyotoka mahali.

Kabla hajakata, aulize: "Nambari yangu mmeipata wapi?" Kisha aseme waziwazi kwamba hataki kupigiwa tena na jina lake lifutwe. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa haki hiyo, awe anapigiwa na mgombea wa wadi au wa urais. Wewe andika nambari, tarehe, saa na jina la mgombea. Wakiendelea, peleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data. Ni bure, na sheria inataka yachunguzwe ndani ya siku 90.

Mwangalie pia kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kama ameandikishwa chama bila kujua. Mwaka 2021 Wakenya wengi walishtuka kujikuta wanachama wa vyama ambavyo hawakuwahi kujiunga navyo. Akijikuta huko, ajiuzulu hapo hapo.

Usizuie nambari zote ngeni, maana hata hospitali hupiga kwa nambari asiyoijua. Usiku weka simu kimya, ruhusu nambari zenu watoto tu. Na yeyote atakayemwomba nambari ya kitambulisho au PIN ya M-Pesa, akate papo hapo.