Diski ya 3 TB, kompyuta inaona 746 GB

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mpiga video za harusi hapa Tanga. Nina kompyuta ya Windows XP ninayohamishia kanda za VHS za wateja, siwezi kuiacha kwa sababu kadi ya kunasia video haina draiva ya Windows nyingine. Diski yake ya 80 GB imejaa, nikanunua ya 3 TB nikaifunga humo humo. XP inasema ni 746 GB tu. Nimerudi dukani, muuzaji anaapa diski ni nzima. Nimeuziwa feki? Kompyuta yangu ya kuhariria ina Windows 7.

JIBU: Marahaba kijana wangu. Mwache muuzaji wa watu, hajakuibia. Hiyo 746 naijua kama ninavyojua namba yangu ya simu.

Diski hukatwa vipande vinavyoitwa sekta, kila kimoja baiti 512. Ya kwako ina sekta 5,860,533,168. XP yako huandika namba ya sekta kwenye nafasi ya biti 32, yaani tarakimu 32 za sifuri na moja, na nafasi hiyo haiwezi kuhesabu zaidi ya sekta 4,294,967,296. Umeshaona mita ya kilomita ya gari la zamani? Ikipita 99,999 inarudi sifuri, na dalali anakuambia gari halijatembea. XP nayo imezunguka mita. Toa hizo bilioni nne na ushee kwenye sekta zako, zinabaki 1,565,565,872. Zidisha kwa 512, kisha ugawe kwa 1,073,741,824, ambayo ndiyo GB moja kwa hesabu ya Windows. Chukua kikokotoo ujaribu, 746 inatoka yenyewe.

Kuta za namna hii, yaani vikomo vya ukubwa wa diski, hazikuanza leo. Kulikuwa na ya 528 MB, ya 8.4 GB, na ile ya 32 GB iliyotufanya tubandike vijampa (vibanio vidogo vya kuunganisha pini) nyuma ya diski ili kompyuta ikubali kuwaka. Iliyoniumiza mimi ni ya 137 GB. Mwaka 2003 mteja aliniletea diski ya 160 GB. Nikaifomati kwenye mashine yangu ya XP yenye Service Pack 1 (sasisho kubwa la kwanza la XP), ikaonekana yote, nikaenda kuifunga kwake, kwenye XP ya mwanzo ambayo haikuwahi kusasishwa. Ikafanya kazi miezi kadhaa bila neno. Siku mafaili yalipovuka 137 GB, XP ikazungusha mita na kuanza kuandika mwanzoni mwa diski, juu ya orodha ya mafaili yenyewe. Asubuhi jamaa ananipigia: diski inaomba kufomatiwa. Nilimrudishia hela ya ufundi, lakini picha zake sikuwa nazo za kumrudishia.

Kwa hiyo usiizoee hiyo 746. Ing'oe, uifunge kwenye kompyuta ya Windows 7. Fungua Disk Management, ikikuuliza MBR au GPT, yaani mtindo wa zamani au mpya wa kuandika mgawanyo wa diski, chagua GPT, kwa sababu MBR nayo inagota palepale kwenye biti 32. Kwenye mpangilio wa mafaili, fomati kwa NTFS. Ule mwingine, FAT32, haupokei faili linalozidi 4 GB, na saa moja ya harusi kwa mfumo wa DV inakula kama 13 GB. Utaona 2,794 GB. Usinirudie kwamba 206 zimeliwa: kiwandani GB moja ni baiti bilioni moja kamili, ndiyo tofauti yenyewe. Ikitokea hata Windows 7 inaandika 746, tafuta draiva mpya ya kidhibiti cha SATA, yaani sehemu ya kompyuta inayoongoza diski.

Kisha unganisha kompyuta mbili kwa waya wa mtandao, ufungue folda ya pamoja kwenye ile ya Windows 7. Hamishia huko kwanza yaliyoijaza ile ya 80 GB, kisha XP inase humo, ukimaliza kanda unasukuma faili upande wa pili. Kwa njia ya mtandao XP haihesabu sekta za diski ile, anayehesabu ni mwenye nyumba, Windows 7.

Watakushawishi ununue kasha la USB linaloidanganya XP kwamba sekta ni za baiti 4,096. Yapo, na yanafanya kazi. Ila kasha likifa, ukaichomeka diski moja kwa moja kwenye kompyuta, itaonekana kama haina kitu. Mimi sikushauri, kwa kazi za watu.

Jambo la mwisho, na ulifanye kwanza: kama umeshaweka harusi yoyote kwenye hizo 746, ihamishe diski ikiwa bado iko kwenye XP. Kuigeuza kuwa GPT kunafuta kila kilichomo.