Maswali ya Wasomaji: Kutua kwenye Njia Fupi

Toleo hili tunajibu barua za wasomaji walioguswa na makala yetu kuhusu viwanja vya ndege vilivyo katika mazingira magumu. Barua zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Ndugu mhariri, hivi karibuni nilisafiri kwa ndege siku ya mvua. Tulipotua, magurudumu yalipiga chini kwa kishindo kikubwa hata abiria niliyekaa naye akapiga ukelele. Tuliposhuka, wengi tulimlaumu rubani kwamba hajui kazi yake. Je, lawama yetu ilikuwa ya haki?

JIBU: Ndugu yangu, kwa maelezo uliyotoa, mimi nisingemlaumu. Abiria wengi hupima ustadi wa rubani kwa ulaini wa kutua, na kipimo hicho hufaa pale ambapo njia ya kurukia na kutua ndege ni ndefu na kavu. Njia ikiwa fupi au imelowa, rubani hufundishwa kuiweka ndege chini kwa uthabiti, mahali palipokusudiwa, hata kama abiria watatikisika.

Sababu yake ni hii. Tairi linaloteremshwa polepole mno juu ya lami yenye maji linaweza kuteleza juu ya utando wa maji bila kuigusa lami yenyewe, na hapo breki haina cha kushika. Tairi linaloshuka kwa nguvu ya kiasi huupasua utando huo na kuanza kuzunguka mara moja. Mitambo ya ndege nayo hupokea ishara kwamba uzito umefika kwenye magurudumu, na katika jeti nyingi za abiria vibamba vilivyo juu ya mabawa huinuka vyenyewe. Bila shaka umewahi kuviona ukiwa umekaa dirishani: kabla ndege haijagusa chini bawa ni laini, na mara tu baada ya kugusa linakuwa kama limepasuka na kuonyesha sehemu zake za ndani. Vibamba hivyo hukata nguvu ya kuinua iliyobaki kwenye mabawa, ili uzito wote wa ndege uyakandamize matairi na breki zifanye kazi yake.

Jeti kubwa hugusa chini ikiwa na kasi ya kilomita 250 hivi kwa saa, ambayo ni karibu mita 70 kwa kila sekunde. Rubani akielea sekunde tatu tu juu ya lami akitafuta ulaini, ameshaacha nyuma yake zaidi ya mita 200 za njia ambazo hawezi kuzirudia. Kwa hiyo kishindo mlichokisikia huenda kilikuwa cha makusudi.

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari na ninatamani kuwa rubani. Nimesoma habari za uwanja wa Lukla nchini Nepal ambao njia yake imeinama kama paa la nyumba. Kwa nini waliujenga hivyo? Na rubani akiona amekosea, anaweza kupaa tena?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako la pili ndilo zito zaidi, lakini tuanze na la kwanza.

Uwanja wa Lukla ulijengwa mwaka 1964 chini ya uongozi wa Edmund Hillary, aliyefika kilele cha Everest mwaka 1953 pamoja na Tenzing Norgay, na tangu mwaka 2008 unaitwa kwa majina yao wawili. Uko zaidi ya mita 2,800 juu ya usawa wa bahari. Njia yake, iliyowekwa lami mwaka 2001, ina urefu wa mita 527 tu, na mwinuko wake unakaribia asilimia 12, kiasi kwamba ncha ya juu imeizidi ya chini kwa mita 60 hivi. Chini ya ncha moja kuna bonde refu, na mbele ya ncha nyingine kuna ukuta na mlima.

Mwinuko huo unaoonekana kuwa kasoro ndio unaouwezesha uwanja kutumika. Ndege hutua ikipanda, na uzito wake wenyewe huivuta nyuma na kuzisaidia breki. Huruka ikishuka, na mteremko huiongezea kasi. Gharama yake ni kwamba mwelekeo haubadiliki kamwe. Katika viwanja vya kawaida rubani huchagua kutua akiukabili upepo, kwa kuwa upepo wa mbele hupunguza kasi ya ndege juu ya ardhi. Lukla hana uchaguzi huo. Ndiyo maana safari nyingi huanza alfajiri, kabla jua halijalipasha joto bonde na upepo kuanza kuvuma kwa nguvu.

Hewa nayo ni nyepesi katika kimo hicho. Ili mabawa yabebe uzito uleule, ndege hulazimika kwenda kasi zaidi kwa takriban asilimia 15 kuliko inavyokwenda pwani. Asilimia 15 huonekana kuwa jambo dogo, lakini nishati ambayo breki zinapaswa kuimaliza huongezeka kwa mraba wa kasi. Kwa hiyo kazi ya kuisimamisha ndege huongezeka kwa karibu theluthi moja. Kanuni hii uishike tangu sasa, kwa maana utakutana nayo katika kila somo la kutua: kasi ikizidi kidogo, umbali wa kusimama huzidi kwa kiasi kikubwa.

Kisha kuna jicho. Rubani aliyezoea njia tambarare, akiiona njia iliyoinuka mbele yake, hudanganyika akadhani yuko juu mno, na mkono wake hutaka kuishusha ndege zaidi. Akiufuata mvuto huo atagusa chini kabla ya njia kuanza, na pale Lukla kabla ya njia kuna mwamba. Oktoba 2008, ndege ndogo iliyokuwa ikitua hapo wakati wa ukungu iligonga chini kidogo ya mwanzo wa njia, na kati ya watu 19 waliokuwamo akanusurika rubani mkuu peke yake. Ukungu ulikuwa umewanyima marubani kitu pekee wanachokitegemea mahali pale, yaani kuiona njia kwa macho tangu mbali.

Sasa nije kwenye swali lako la pili. Katika uwanja wa kawaida, rubani anaweza kughairi kutua hata akiwa mita chache juu ya lami. Hutia nguvu injini, hupaa, huzunguka na kurudi. Lukla haiwezekani, kwa sababu mbele kuna mlima ambao ndege haiwezi kuupanda kwa umbali uliobaki. Kwa hiyo kuna mahali angani, bado mbali na njia, ambapo rubani hujiuliza kama kasi ni sahihi, kimo ni sahihi, upepo unavumilika na njia inaonekana yote. Jibu moja likiwa hapana, hugeuza hapohapo wakati bonde bado lina nafasi. Akishapita hapo, atatua. Watu husifu mikono ya marubani wa milimani, nami ninaisifu pia, lakini naamini ustadi wao mkubwa uko katika dakika ile ya kuamua, na katika utayari wa kurudi walikotoka na abiria wao wote wakinung'unika.

SWALI: Ni uwanja gani wenye njia fupi kuliko yote, na ni ndege gani hutua hapo?

JIBU: Miongoni mwa viwanja vinavyopokea safari za kawaida za abiria, unaotajwa ni ule wa kisiwa cha Saba katika bahari ya Karibi, wenye njia ya mita 400 ambayo ncha zake zote mbili huishia kwenye majabali juu ya bahari. Ndege za jeti haziruhusiwi. Inayotumika ni Twin Otter ya Canada, ndege ya pangaboi mbili inayobeba abiria wasiozidi 19, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1965 na ambayo hutua Lukla pia. Huja polepole, kwa takriban kilomita 130 kwa saa, na ikishagusa chini rubani hugeuza pembe ya pangaboi ili zisukume hewa kuelekea mbele na kuikaba ndege. Hata kwa mwendo huo mdogo, kila sekunde ya kuelea hula mita 36, karibu sehemu ya kumi ya njia yote.

SWALI: Je, ndege kubwa inaweza kutua kwenye njia fupi ikilazimika?

JIBU: Inaweza kuliko wengi wanavyodhani. Novemba 2013, ndege ya mizigo iliyotengenezwa kutokana na Boeing 747 ilitua usiku, kwa makosa, katika uwanja mdogo wa Jabara mjini Wichita, Marekani, wenye njia ya mita 1,860 hivi, ilhali ilitarajiwa kwenye uwanja mwingine wenye njia ndefu karibu mara mbili. Ilisimama salama, na siku iliyofuata ikaruka kutoka hapohapo. Mwaka 1963 ndege kubwa ya mizigo aina ya C-130, iliyoendeshwa na jeshi la majini la Marekani, ilitua juu ya meli ya kubebea ndege ya Forrestal mara 21, bila ndoano wala kamba ya kuizuia.

Hata hivyo, kinachowezekana sicho kinachoruhusiwa kwa abiria. Katika mipango ya safari za jeti za abiria, mahesabu lazima yaonyeshe kwamba ndege itasimama ndani ya asilimia 60 ya njia iliyopo, na njia ikiwa imelowa huongezwa asilimia 15 nyingine juu ya urefu unaohitajika. Nafasi hiyo inayobaki ni ya makosa ya binadamu, nami sioni kuwa ni anasa.

SWALI: Na ndege isiposimama, kuna nini baada ya lami?

JIBU: Kanuni za kimataifa hutaka pawe na eneo la usalama lililosawazishwa, lakini viwanja vingine havina ardhi ya kutosha. Hapo hutandikwa vitalu vya saruji nyepesi yenye matundu, ambavyo hupondeka magurudumu yanapovipitia, na ndege huzama na kukwama kama gari lililoingia kwenye mchanga. Uwanja wa John F. Kennedy wa New York uliviweka mwaka 1996.

Uwanja wa Charleston, West Virginia, uko juu ya kilima kilichokatwa kilele, na baada ya ncha ya njia ardhi huporomoka ghafla. Januari 2010, jeti ndogo yenye watu 34 ilighairi kuruka ikiwa tayari inakimbia kwa kasi kubwa, ikapita mwisho wa lami na kuingia kwenye vitalu hivyo. Ilisimama ndani yake, magurudumu yakiwa yamezama, na watu wote 34 wakashuka bila kuumia.